Mbegu Sita za Kujazia

Muuza dawa wa kwenye kona alikuwa kijana mwenye adabu zake, mwepesi wa shikamoo, asiyejua kubishana na mtu mzima. Ndiyo maana fundi wa kushona mapazia hakuelewa kabisa pale kijana huyo alipompokonya zawadi mkononi na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Hakuiweka, aliitupa, kisha akaukandamiza mfuniko kwa mguu kana kwamba amefungia panya.

Fundi alibaki mdomo wazi. Zawadi yenyewe ilikuwa mkufu wa mlangoni: mbegu arobaini nyekundu zenye jicho jeusi, katikati yake vipande vya kitambaa cha pazia na vijiti vya mwanzi, kazi ya jioni mbili nzima. Watu waliisubiri mikufu ile mwaka mzima. Na huyu aliyefungua duka juzi tu, miezi miwili haijatimia, anaitupa mbele ya macho yake!

"Mwanangu, kama hukuipenda si ungesema tu? Mimi sinuni."

"Mama, nisamehe sana. Hizi mbegu umezitoboa mwenyewe?"

"Sasa uzi ungepitaje? Kwa dua?"

Kijana hakucheka. Alizunguka kaunta, akamshika fundi viganja, akavigeuza huku na huku akitafuta kidonda. Akamuuliza kama ana mtoto mdogo nyumbani. Fundi akajibu hana, wajukuu wako mbali. Akamuuliza amewapa watu wangapi mikufu ya namna ile, na sauti aliyoulizia ndiyo iliyomfanya fundi aanze kuhisi baridi mgongoni.

"Zina sumu, mama. Sumu kali. Chuoni walituonyesha picha zake, wakatuambia tukiziona tusizisahau."

Fundi akaangua kicheko. Sumu! Dipitipiti hizi hizi alizochezea tangu hajaota meno ya pili!

"Mimi nilizimeza utotoni, baba. Tulikuwa tunashindana nani atameza nyingi. Zinaingia huku, zinatokea kule, nzima na zinang'aa vilevile. Zingekuwa sumu ningekuwa nimesimama hapa?"

"Ulizimeza nzima," kijana akasema. "Ikiwa nzima mara nyingi inapita tu, maana ganda lake ni gumu, linaizuia sumu isitoke. Ukishalitoboa umeifungulia. Mtoto mdogo akimeza iliyotobolewa, hata moja..." Akaitupia jicho ndoo. "Na haina dawa ya kuiondoa. Hata hospitali kubwa watamtunza tu na kuomba Mungu."

Kicheko kikamkatikia kooni.

Lazima isemwe hapa fundi alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo msomaji atamdharau bure. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na nyumba yake ilibadilika sura kila msimu. Mvua zikianza, alining'iniza madirishani maua ya vitambaa vya njano, ili mtu asichoshwe na mawingu. Baridi ikiingia, alisokota mapira ya sufu na kuyapanga juu ya kabati. Mvua zikikatika, maganda ya dipitipiti kwenye ua wa nyuma yakapasuka na kutoa mbegu zake nyekundu, hapo ndipo alipokuwa yeye hasa. Dipitipiti haitobolewi na kila mtu. Inateleza, inakimbia, inavunja sindano. Wanawake wengi walijaribu wakaishia kujichoma vidole na kutukana. Yeye aliziloweka usiku kucha, akazibana kwenye koleo, akazitoboa moja moja kwa kekee ndogo ya mumewe, ambaye alikuwa fundi saa. Shimo lake lilikuwa jembamba, limenyooka, halina ufa. Alijivunia shimo lile kuliko pazia lolote alilowahi kushona, na sasa anaambiwa shimo ndilo lenye balaa.

"Mtoto akimeza anakuwaje?" aliuliza.

"Si papo hapo. Inaweza kupita nusu siku, siku mbili, hata tatu. Halafu anatapika, anahara, mara nyingine damu. Ikifika hapo kila mtu anadhani mtoto amelishwa kitu kilichoharibika."

Fundi aliyasikia maneno hayo lakini hayakumwingia. Kichwani mwake ilikuwamo hesabu moja tu: msimu huu alikuwa ameshagawa mikufu tisa, na katika nyumba zile tisa watoto hawakukosekana. Akatoka dukani mbio. Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, anakimbia barabarani saa nne asubuhi na kapu tupu, kiatu kimoja kinapiga kelele. Mtaa mzima ukatoka milangoni kutazama.

Kuomba zawadi irudi ni fedheha, asikwambie mtu. Mama wa nyumba yenye geti la bluu alisimama mlangoni mwake mikono kiunoni.

"Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nipe tu, nitakueleza."

"Unanivua pambo mlangoni mbele ya majirani, halafu utanieleza baadaye? Mwaka jana hukunivua."

"Lina sumu."

"Lina nini?"

"Sumu. Mtoto wako akitia mdomoni atakufa."

Yule mama akageuka akaliangalia pambo, akaliangalia tena, akamwita binti yake mdogo kwa sauti iliyopasuka na kuanza kumchungulia mdomoni. Mkufu akauvuta mwenyewe, ukatoka na msumari wake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba baada ya nyumba. Wengine walinuna, wengine walicheka, mmoja alidai ni ujanja wa kuwauzia mapya. Fundi alichukua, akatia kapuni, akaenda kwingine. Kila alipotoka kwenye nyumba aliuliza swali lilelile: watoto wote wazima? Wote wazima, walimjibu, na kila jibu lilimpunguzia jiwe moja kifuani.

Kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho, aliuvua mkufu juu ya kioo chake bila maswali, kwa sababu alikuwa katikati ya kichwa cha mteja na wembe ulikuwa mkononi.

Saa sita fundi alikuwa mezani kwake, amevaa glavu za kuoshea vyombo, anahesabu. Kila mkufu mbegu arobaini, hiyo ilikuwa sheria yake. Wa kwanza arobaini. Wa pili arobaini. Alifika wa tisa, wa kinyozi, akapata thelathini na nane. Akahesabu upya. Thelathini na nane. Kinyozi alikuwa na pacha wa miaka miwili ambao mama yao huwaacha pale saluni kila asubuhi, watoto watundu wasioshikika. Fundi alirudi saluni anahema, akamshika kinyozi bega, nusura mteja apoteze sikio.

"Mbegu mbili ziko wapi?"

"Mbegu gani, mama?"

"Za mkufu! Zimepungua mbili! Ziko wapi?"

"Aa, zile!" Kinyozi akaonyesha kwa kitana. Juu ya rafu kulikuwa na kuku wa mbao, kazi ya kuchekesha aliyoichonga mwenyewe, na kuku huyo alikuwa na macho mawili mekundu. "Niliona zinamfaa. Nimekosea?"

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mteja aliyenyolewa nusu akacheka pamoja naye bila kujua anachekea nini. Alimng'oa kuku macho yake, akayatia kwenye bahasha, akainuka. Mikufu tisa, yote imetimia. Hakuna mtoto aliyeguswa. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono uko kwenye pazia la shanga, aliposimama ghafla.

Mbegu mbili ziko wapi. Swali lile alikuwa ameliuliza sasa hivi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Miaka miwili iliyopita zilipungua sita, na hakuuliza.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka tu kwamba alikaa sakafuni chini ya cherehani, na jambo lote likamjia jinsi lilivyokuwa.

Alikuwa na jirani, ukuta wao mmoja, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kama ishirini, ambaye alifua na kupiga pasi nguo za watu. Dobi huyo alikuwa na watoto wawili, mvulana wa miaka mitano na binti wa miezi kumi na minne aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Kidoti alipenda rangi nyekundu kupita kiasi. Fundi mwenyewe alimtengenezea mkufu mfupi, mbegu ishirini, akaufunga kwenye kitanda chake kwa mkono wake. Siku moja dobi akaja nao umekatika, anacheka. "Dada, huyu mwanao anaota meno, ameuvuta mpaka umekatika." Fundi akahesabu zilizobaki, zikawa kumi na nne. Akachota sita kwenye bakuli, akajazia, akapiga fundo, akaurudisha. Sita za mwanzo zilikwenda wapi hakujali. Fundi gani anajali? Uzi ukikatika mbegu hutawanyika, zinaingia mvunguni, zinafagiliwa. Kazi ya fundi ni kujazia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi alfajiri Kidoti alianza kutapika. Jumapili walimzika.

Hospitali walisema ni tumbo. Baba wa mtoto, dereva wa malori, aliporudi safari alimuuliza mkewe amempa mtoto nini, na dobi, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumwokoa, akajibu kwamba Jumatano jioni alimpa maziwa yaliyobaki ya asubuhi na hakuyachemsha tena. Ikatosha. Dereva alimwambia mbele ya waombolezaji kwamba mikono yake imeshazika mmoja na haitazika wa pili. Alimchukua mvulana akampeleka kwa mama yake, naye akahamia huko. Tangu siku ile dobi alimwona mwanawe kila Jumamosi kwa muda wa saa mbili tu, sebuleni kwa mama mkwe, bibi huyo amekaa katikati yao. Haruhusiwi kumpelekea chakula. Hata tunda haruhusiwi. Anampelekea nguo, kwa kuwa nguo haziliwi.

Na fundi? Fundi alikuwa pale siku zote za msiba. Alimlaza dobi mapajani, akamfuta machozi, akamwambia kwa nia njema kabisa: usijilaumu mdogo wangu, maziwa yangeweza kumharibikia mtu yeyote. Maneno hayo yalimrudia sasa pale sakafuni, moja baada ya jingine.

Mumewe alimkuta hapo. Alikuwa ametoka kula, anajifuta ndevu, na alipoliona kapu la mikufu mezani akaanza utani wake.

"Bibie, umeanza kupora? Mtaa mzima unasema unavua watu mapambo milangoni. Nikuandalie wakili au..." Akauona uso wake. Utani ukaisha. "Kuna nini?"

Akamweleza yote, kuanzia ndoo ya muuza dawa mpaka Jumanne ile. Fundi saa alikuwa mtu wa kusikiliza, kazi yake ilimzoeza kutega sikio kwenye vitu vidogo, na alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee alikwenda kwenye meza yake ya kazi, akaichukua ile kekee ndogo, akaitazama, akaifungia kwenye droo. Kisha akarudi akasimama.

"Nani mwingine anajua?"

"La mbegu wanajua wote. La Kidoti hakuna anayejua."

"Basi liishie hapa."

"Mume wangu..."

"Nisikilize kwanza. Una hakika? Umeona mtoto anameza? Hukuona. Inawezekana zilifagiliwa kweli. Inawezekana ni maziwa kweli. Unakwenda kumtonesha mtu kidonda kwa kitu usichokijua."

"Najua zilipungua sita. Najua alianza lini. Muuza dawa amesema siku mbili, tatu."

"Utamfufua?"

"Simfufui."

"Sasa unakwenda kufanya nini? Utamwambia mama kwamba mwanawe aliuawa na pambo la jirani, halafu urudi hapa tunywe chai? Yule dereva ana hasira za karibu. Atakuja na wenzake. Na hata asipokuja, nani ataleta pazia kwako tena? Miaka thelathini tumeishi mtaa huu, hakuna aliyetunyooshea kidole."

Fundi alivua glavu, moja, ya pili. Alikuwa anaogopa, tusimpambe. Aliogopa dereva, aliogopa mtaa, na zaidi ya wote aliogopa uso wa dobi. Kila neno la mumewe lilikuwa na akili ndani yake na alitamani sana kulifuata.

"Kesho ni Jumamosi," alisema. "Atakwenda kukaa pale tena kama mshitakiwa."

"Na wewe unataka kukaa mahali pake?"

Fundi alifunga kilemba chake vizuri, akatoka. Kutoka mlango wake hadi mlango wa dobi ni hatua kumi na mbili, alizihesabu bila kutaka.

Dobi alikuwa anapiga pasi. Chumba kilinuka mkaa na wanga, mashati ya watu yametundikwa kamba nzima, na juu ya meza kulikuwa na shati dogo jeupe, la mtoto wa miaka saba, alilokuwa akilinyoosha kola kwa ncha ya pasi. Alifurahi kumwona fundi. Kila mara alifurahi.

"Karibu dada, karibu kiti. Nasikia leo umekuwa mgambo, unakagua milango!" Akacheka. "Mimi huji kunikagua? Au kwangu hakuna cha kuchukua?"

"Mdogo wangu, weka pasi chini."

"Nimalize kola hii, kesho nampelekea. Amekuwa mrefu, ukimwona..."

"Weka pasi chini, nakuomba."

Dobi akaiweka pasi kwenye kigae chake. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni lakini limeshasimama. Fundi alikuwa amepanga njiani jinsi ya kuanza, akakuta yote aliyoyapanga yamemtoka kichwani, akauliza jambo la kwanza lililomjia.

"Ule mkufu wa Kidoti unao?"

Jina lile lilikuwa halijatajwa chumbani mle kwa muda mrefu. Dobi alimtazama, kisha akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Ndani yake ulikuwamo mkufu, mbegu zake bado nyekundu vilevile. Fundi hakutaka kuugusa. Aliukunjua kwa kona ya kitambaa na kumwonyesha mahali ambapo uzi mwekundu ulikoma na uzi mweupe ukaanza.

"Hapa ndipo nilipounga. Siku ile uzi mwekundu ulikuwa umeniishia. Hizi kumi na nne ndizo ulizoniletea. Hizi sita nilijazia."

"Nakumbuka."

"Sita za kwanza zilikuwa wapi?"

"Sijui. Nilizitafuta mvunguni nikapata... hata sikumbuki kama nilipata. Kwani vipi, dada?"

Akamwambia. Hakupamba, hakuzunguka, na hakujitetea, maana kila alipotaka kusema hakujua, aliona neno hilo halina pa kukaa. Alimwambia kuhusu muuza dawa, kuhusu ganda, kuhusu shimo ambalo amelitoboa yeye. Alimwambia kwamba hana hakika na hatakuwa na hakika mpaka siku ya kufa kwake. Alimwambia kuhusu siku mbili tatu, kutapika, damu, na kwamba watu hudhani mtoto kalishwa kitu kilichoharibika. Akafika mwisho, akasubiri kupigwa.

Dobi hakumpiga. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho yake kwenye ule uzi mweupe, amekauka. Pasi ilikuwa inatoa moshi kidogo. Nje mtu alipita akiuza sabuni, akaita, akaondoka. Fundi alidhani labda hakusikia, akataka kurudia, ndipo dobi alipofungua mdomo. Sauti ilikuwa ya mtu anayepanga nguo za wateja.

"Nilikuletea Jumanne."

"Jumanne, mchana."

"Una hakika Jumanne?"

"Jumanne. Siku ile ndiyo niliyochukua vitambaa sokoni, sikosei."

"Na maziwa nilimpa Jumatano jioni." Alivuta pumzi. "Alhamisi alfajiri akatapika. Lakini Jumatano mchana alikataa kula. Alikuwa ameshakataa kula, dada. Nilimpa maziwa kwa sababu alikuwa ameshakataa kula." Akageuka akamtazama fundi, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Fundi hakuwahi kuuona uso ule kwa binadamu, wala hakujua auite nini. "Miaka miwili nimejiuliza kwa nini alikataa kula kabla ya maziwa. Nilimwambia baba yake. Akasema natafuta visingizio."

"Mdogo wangu, nisamehe. Sijui hata nianzie wapi kukuomba."

"Usiniombe sasa." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu mwenye kazi nyingine mkononi. "Labda nitakuchukia. Labda kesho nitaamka nikuchukie, sijui. Sasa hivi usiniombe kitu."

Akaufunga mkufu kwenye kitambaa chake, kunjo la kwanza mpaka la nne. Akanawa mikono kwenye beseni kwa sabuni, muda mrefu. Akaja kwenye dirisha akachukua simu, akabonyeza namba ambayo hakuhitaji kuitafuta, akaiweka mezani juu ya lile shati dogo jeupe na kuifungulia spika.

Simu ikaanza kuita. Fundi alipoelewa, moyo ulimpasuka paa.

"Ni nani unampigia?"

"Baba yao."

"Mimi niseme naye? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi hatanisikiliza. Na mama yake atakuwa karibu, siku ya leo huwa wanakula pamoja."

Fundi akaanza kulia. Alikuwa ameyazuia machozi tangu asubuhi, na sasa yalimshuka bila kizuizi, mabega yanamtikisika. Dobi alimshika mkono kwa nguvu, nguvu za mtu anayekamua mashuka, mpaka mifupa ikamuuma.

"Usilie," alimwambia. "Akisikia unalia atadhani nimekutuma. Sema kama ulivyoniambia mimi. Anza na Jumanne."

Simu ikaita mara ya nne, ya tano. Kisha upande wa pili kukasikika vyombo, sauti ya mtoto akiuliza ni nani, na sauti ya mwanamume iliyochoka hata kabla ya kusalimiwa.

"Unataka nini tena?"

Dobi alimsogezea fundi kiti, akasubiri. Fundi akajifuta uso kwa kilemba, akainama karibu na simu, akajitaja kwa kazi yake na kwa ukuta wa nyumba yake ili asichanganywe na mtu mwingine.

"Ilikuwa Jumanne," akasema.